Dishi la intaneti kwenye mashua: Utalitundika wapi, bwana?

Mkazi wa Kawe haulizwi kama analijua dishi. Shuka daladala pale Tanganyika Packers, kata kuelekea Ukwamani, halafu inua macho. Utaona mabati na madishi, madishi na mabati. Kuna nyumba haijapigwa hata plasta lakini dishi lipo, tena mawili, moja la mpira na jingine la tamthilia.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Televisheni zilipoanza huku Bara mwaka 1994, mwenye dishi alikuwa mtu na heshima zake. Dishi lenyewe lilikuwa na upana wa futi nane au zaidi, limekaa uani kama mgeni rasmi. Wengine mpaka leo wanaliita ungo, na ukiliangalia hutawalaumu. Sasa dishi limeshuka bei, limekonda, limekuwa bapa kama daftari, na siku hizi limeamua kwenda baharini. Huko baharini ndiko kulikonileta kwenye ukurasa huu leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna jamaa mmoja ana mashua ya tanga, anaitia nanga pwani ya Kawe. Kazi yake kupeleka watu matembezini, na safari hii alikuwa anajiandaa kwenda mbali, Mombasa na Lamu, kwa upepo wa kusi. Akanunua kile kidishi kidogo cha Starlink ili wageni wake wasikose mtandao njiani. Akamwita fundi wa madishi wa hapa hapa Kawe, kijana ambaye amepanda mapaa mengi kuliko paka. Fundi ni mshikaji wangu, akaniambia, "Kaka, twende ukaone kazi ya majini." Nikachukua kalamu, tukaenda.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilikula siku nzima, na nusu ya siku hiyo ilikuwa ni ubishi. Mwenye mashua alikuwa na lake, nahodha alikuwa na lake, na fundi alikuwa na bisibisi mkononi anasubiri waelewane. Swali lilikuwa moja tu: litundikwe wapi?

MBINGU YA DAR ILIVYO

Ili uelewe ule ubishi, kwanza uelewe dishi linatazama nini. Dishi la televisheni la juu ya bati lako linatazama setilaiti moja tu, ambayo imekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka hapa chini. Inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo sisi tunaiona kama imesimama. Ndiyo maana fundi akishalifunga dishi na kukaza nati, hatakiwi kuligusa tena.

Dar tuna bahati yetu. Setilaiti ya DStv kwa huku kwetu ipo nyuzi 36 mashariki, na sisi tupo kama nyuzi 39. Maana yake iko karibu utosini, nyuzi kama 81 kutoka upeo wa macho. Ya Azam, walioanza kurusha matangazo mwaka 2013, ipo nyuzi 7 mashariki, hivyo dishi lake linatazama upande jua linakozama, nyuzi kama 52 juu. Mapaa ya Kawe yanakwambia hadithi hiyo hiyo: dishi hili linamtazama Mungu, lile linamtazama jirani. Ila usidanganyike na mkao wake, maana madishi mengi ya siku hizi yametengenezwa yaonekane yamesimama wima kuliko pale yanapotazama hasa.

Sasa lichukue dishi la namna hiyo uliweke kwenye mashua. Mashua inayumba, inageuka, inapanda wimbi na kushuka. Dishi likikosea nyuzi mbili tatu tu, picha imekwenda. Ndiyo maana meli kubwa zinazoingia bandarini zina yale makuba meupe juu. Ndani ya kuba kuna dishi linalozungushwa na mota muda wote, meli ikilala huku lenyewe linajirudisha kule. Huduma ya mawasiliano ya setilaiti kwa ajili ya meli, Inmarsat, ilianzishwa mwaka 1979, lakini kwa miaka mingi gharama zake zilikuwa za wenye meli, si za mwenye mashua ya Kawe.

Hiki kidishi bapa kimekuja na mtindo mwingine. Hakina mota. Ndani yake kuna antena ndogo ndogo nyingi zinazoelekeza mawimbi kwa umeme, kufumba na kufumbua. Nazo setilaiti zake haziko mbali, zipo kilomita kama 550 tu juu, sawa na safari ya Dar hadi Dodoma na kilomita mia za nyongeza. Kwa kuwa ziko chini, zinakimbia. Moja inaizunguka dunia kwa saa moja na nusu na ushei, ikipita hapa inakuja nyingine, na kidishi kinahama kutoka moja kwenda nyingine bila wewe kujua.

Raha iko hapo, na karaha iko hapo hapo. Dishi la televisheni linahitaji tundu moja tu la mbingu. Ukiwa na mwembe uani, unasogeza dishi hatua mbili, mambo safi. Hiki cha intaneti kinataka kipande kikubwa cha mbingu kiwe wazi kila upande, maana setilaiti zinapita kila mahali. Kitu chochote kilichosimama kati, mlingoti, tanga, kamba nene au kichwa cha mtu mrefu, kinakata mawasiliano kwa sekunde kadhaa. Ukiwa unasoma habari hutastuka. Ukiwa unaongea na mama watoto kwa video, utamwona amegandia mdomo wazi.

SEHEMU NNE, UBISHI MMOJA

Mwenye mashua alianza. Yeye alitaka kidishi kiwe juu kabisa ya mlingoti. "Kule hakuna kinachoziba. Tena kitaonekana toka mbali," alisema. Nadhani hilo la kuonekana ndilo lilikuwa zito zaidi moyoni mwake.

Nahodha ni mzee wa Kilwa, amelelewa na bahari. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akanyamaza kama vile hakusikia hoja ya bosi wake. Alipofungua mdomo alisema, "Mwanangu, kule juu kuna henza. Henza ikikwama, tanga haliteremki. Tanga lisipoteremka kwenye dhoruba, intaneti utampigia nani?"

Kwa wale wenzangu wa nchi kavu, henza ni kamba ya kupandishia foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Inapita kileleni mwa mlingoti. Hapo ndipo mwenye mashua alipotaka kuweka mtambo wake na waya wake.

Fundi naye akaleta hesabu. Chukua mlingoti wa mita 10. Mashua ikilala nyuzi 20 kushoto, kisha nyuzi 20 kulia, ncha ya mlingoti imesafiri karibu mita 7 hewani. Kitu kilichopo mita mbili na nusu juu ya sitaha kinasafiri chini ya mita 2. Kidishi kinaweza kuvumilia kutikisika, lakini nati na waya vitachoka. Na siku vikichoka, nani atapanda kule juu na bisibisi mdomoni wakati mawimbi yanacheza? Achilia mbali radi, ambayo nayo hupenda ncha ndefu.

Sehemu ya pili ilikuwa omo, yaani mbele. Mbele kuna nafasi na mbingu ni nyingi. Lakini mbele ndiko nanga inakotupwa, ndiko pembe ya mbele ya tanga inakofungwa, na ndiko mashua inakopigana na maji. Chombo kikienda dhidi ya upepo, kila wimbi linamwagika hapo.

Sehemu ya tatu ilikuwa juu ya kile kibanda cha katikati kinachowakinga abiria jua. Hapa fundi alipapenda, pamefanana na bati la nyumbani. Waya mfupi, betri iko chini yake. Tatizo ni jirani. Mlingoti uko hatua moja tu kutoka hapo.

Hapo alinifundisha kitu ambacho hata wewe unaweza kukijaribu sasa hivi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi. Upana wa ngumi yako unaziba nyuzi kama 10 za mbingu. Kidole gumba kinaziba kama 2. Mlingoti wenye unene wa sentimita 15, ukiwa mita moja kutoka kwenye kidishi, unaziba karibu ngumi nzima. Ukiusogeza mita 4, unaziba kidole gumba tu. Mlingoti ni ule ule, hasara ni tofauti kabisa. Na huo ni mlingoti peke yake. Tanga lenyewe likijaa upepo, ni ukuta.

Sehemu ya nne ilikuwa tezi, yaani nyuma kabisa, nyuma ya mshika usukani, juu ya nguzo fupi. Mwenye mashua hakupapenda. Alisema patakuwa kama kijiko kimechomekwa kwenye sufuria. Nahodha hakusema kitu, akaguna tu. Nikamwona fundi anatabasamu.

SINIA LA MAMA NTILIE

Ubishi ungeendelea mpaka magharibi kama fundi asingekuwa na akili ya mtaani. Alikwenda kwa mama ntilie wa pale pwani akaazima sinia dogo la bati, lenye ukubwa unaokaribia kidishi chenyewe. Kidishi kina sentimita kama 30 kwa 26, yaani karatasi ya kuandikia iliyonenepa kidogo. "Kitu cha mamia ya maelfu hatukijaribishi, tunajaribisha sinia," alisema. Tukang'oa nanga kuelekea Mbudya.

Sinia lilianzia kwenye kibanda. Dakika za kwanza lilitulia. Nahodha akaamuru tanga lihamishwe upande wa pili. Kwenye tanga la kwetu kazi hii si mchezo. Foromali inazungushwa mbele ya mlingoti, tanga zima linapita, na demani, ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, inafagia kila kilichopo njiani. Ilifagia na sinia. Tukalisikia likilia kwenye mbao, kisha chubwi! Tulilivua kwa upondo, limekunjwa pembe moja. Mwenye mashua alikaa kimya kwa muda. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya bei ya kidishi.

Likaenda omo. Tulipoigeuza mashua kuukabili upepo, haikupita dakika tano sinia likawa linateleza kwa maji ya chumvi. Kidishi cha kisasa kinavumilia mvua, hilo kweli, lakini chumvi ni adui wa namna nyingine. Inaingia kwenye maungio ya waya, inakaa, inakula taratibu. Leo hujui, mwezi ujao mtandao unakatika na hujui ulikatikia wapi.

Mwisho likaenda tezi, limefungwa juu ya upondo uliosimamishwa nyuma ya mahali demani inapofungwa. Tukahamisha tanga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kamba ikapita mbele yake kila mara, haikuligusa. Mlingoti ukawa mbali. Tanga liliziba upande mmoja wa mbingu, hilo halikwepeki kwenye chombo cha tanga, lakini juu, nyuma na upande wa pili palikuwa peupe. Fundi akatoa simu, akafungua ile programu ya Starlink inayotumia kamera kupima vizuizi vya mbingu, akaizungusha huku na huku. Akaridhika.

Safari ile ilikuwa ya kwenda kaskazini na kusi, upepo ukitokea nyuma. Nahodha alieleza kwamba katika mwendo huo tanga linafunguka mbele na pembeni, na tezi inabaki na mbingu yake. Kurudi na kaskazi ndipo upepo utabadilika, lakini nguzo haitabadilika. Mahali pazuri pawe pazuri kwenda na kurudi.

Nilimuuliza nahodha, "Mzee, mbona hukusema mapema kwamba ni tezi?" Akacheka. "Ningesema, bosi angesema mzee mshamba. Sinia limesema, hakuna anayebishana na sinia."

KWA NINI MZEE ALIKITAKA

Usije ukadhani mzee alikuwa adui wa kidishi. Kumbe alikitaka kuliko hata bosi wake. Alituhadithia safari moja ambayo walijibanza kisiwani siku tatu kusubiri bahari itulie. Simu zilikuwa zimekufa mtandao tangu siku ya kwanza, maana minara ya simu imejengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu. Wao walikuwa salama, wanachoma samaki. Huku nyumbani mkeka ulishatandikwa, wanawake wanalia. "Nimerudi nimekuta msiba wangu mwenyewe," alisema. Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Kwa wageni, kidishi ni cha kurushia picha. Kwa mabaharia wanne wa mashua ile, ni cha kumwambia mtu wa Kawe kwamba tuko hai, tumechelewa tu. Ni cha kuona tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla upepo haujaja wenyewe kutoa taarifa. Ndiyo maana mzee hakutaka kikae mahali ambapo kitamponda mtu kichwa au kukwamisha henza. Kitu cha kuokoa watu kisianze kwa kuwaumiza.

Na aliongeza jambo ambalo mwenye mashua alitakiwa kulisikia: intaneti haichukui nafasi ya redio ya VHF. Ukipiga kelele kwenye chaneli 16, kila chombo kilicho karibu na redio imewashwa kinakusikia kwa pamoja. Ukituma ujumbe kwenye simu, anausoma uliyemtumia, akiwa hajalala. Na jaketi la kuokolea halina mbadala.

UMEME UTATOKA WAPI?

Hili ndilo watu wanalisahau. Kidishi kile kidogo kinakula kati ya wati 25 na 40. Kubwa lake, lile la nyumbani, linakula wati 75 hadi 100. Piga hesabu ya kidogo kwa wati 40 kwenye betri ya volti 12: ni ampea 3 na kitu. Ukikiacha kinawaka saa 24, kimekula ampea-saa 80. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo kabla ya alfajiri umeshaiua, na taa za usiku zimezimika nayo. Mashua bila taa usiku ni kaburi linaloelea.

Walikubaliana kiwashwe saa moja asubuhi na saa moja jioni, basi. Hapo kinakula ampea-saa 7 hivi kwa siku, na paneli ya jua inazirudisha bila jasho. Fundi aliweka waya mnene, maana waya mrefu na mwembamba hula volti njiani, na kidishi kinachotaka volti 12 kikipata pungufu kinajizima na kujiwasha kama taa ya disko. Kabla waya haujaingia ndani, aliuning'iniza ushuke kwanza kisha upande, ili maji yadondoke pale chini yasifuate waya mpaka kwenye betri. Akaipima na dira: walau mita moja kati yake na vyuma na waya vya mtambo, vinginevyo kaskazini inaweza kuhama.

KABLA HUJATOA PESA

Sasa wewe kijana mwenye ndoto za boti, au mjomba wako wa Kunduchi, sikiliza haya.

Kwanza sheria. Starlink walifungua huduma Msumbiji Juni 2023, na Kenya Julai 2023. Ruhusa ya jirani haivuki mpaka na wewe. Kwa hapa kwetu wa kuulizwa ni TCRA, na uulize kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa. Mashua yetu ilifungwa nguzo na waya tu hapa Kawe, kidishi chenyewe kikawekwa kwenye boksi kikisubiri maji ya Kenya.

Pili, kifurushi. Si kila kifurushi kinaruhusu kidishi kufanya kazi chombo kikiwa kinatembea au kikiwa mbali na nchi kavu. Soma masharti yote.

Tatu, nguzo iwe juu ya kichwa cha mtu mrefu kuliko wote chomboni, isizibe macho ya mshika usukani, na iweze kulazwa bahari ikichafuka. Tumia nati za chuma kisichoshika kutu zinazopenya mbao mpaka upande wa pili. Hizi kamba za plastiki za kufungia waya hazihesabiki. Funga na kamba ya akiba, ili nguzo ikivunjika kidishi kining'inie, kisizame. Kilaze chali kikitazama juu, ukiinamishe kidogo maji yateremke.

Nne, na hii ndiyo kubwa: usianze na mbingu. Anza na mtu, wapi anapita, wapi anavuta kamba, wapi atashika chombo kikiyumba. Halafu kamba na tanga, wapi vinafagia. Halafu chumvi na betri. Mbingu ije mwisho, maana baharini mbingu haina uhaba, wenye uhaba ni nafasi salama ya kusimama. Na wa kumuuliza kwanza ni yule mzee anayeshika usukani, hata kama simu yake ni ya tochi.

Sinia la mama ntilie alilipwa. Alikataa jipya, akachukua pesa na lile lililokunjwa, akasema bado linafaa kuwekea vitumbua.